Silinda nne, mbili, mwisho moja: historia ya pikipiki kwetu Mbulu na Hanang

Nilikuwa kimya kwa sababu ya mitihani na kazi za semina, si kwamba nimewasahau. Leo Jumapili, bumu limeshayeyuka, mjini siendi. Basi niko chumbani, na nimeona niwaletee stori ya historia, maana ndiyo iliyonileta hapa Mlimani.

Chanzo ni ubishi. Juzi usiku hapa hosteli jamaa mmoja wa mwaka wa tatu alitangaza kwamba akipata kazi, gari hataki. Anataka pikipiki kubwa ya silinda nne, aende nayo nyumbani kila likizo: Dar, Dodoma, Kondoa, Babati, halafu apandishe mpaka Haydom. Mwingine akamwambia hiyo ya silinda nne ni ya kuringia mjini, kwa safari ndefu achukue ya silinda mbili. Wa tatu, mtoto wa Basotu, akacheka mpaka akakaa chini. "Nyie bwana, mkikuta mvua imenyesha Dongobesh mtaomba mbebwe na Boxer." Ubishi ukafika saa saba za usiku bila mshindi.

Mimi nikabaki nawaza: kumbe swali hilo halikuanzia hosteli. Dunia nzima ya waendesha pikipiki imelipitia, na jibu lake kwetu lina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane kuhusu silinda, maana najua wengi wenu ni watu wa sheria na fasihi, teh teh. Silinda ni lile tundu ndani ya injini ambamo pistoni inapanda na kushuka. Pikipiki ya bodaboda ina moja. Ukiwa na nne, mlipuko wa mafuta unagawanywa mara nne, injini inazunguka haraka na laini, haitetemi, na kwenye lami inakimbia kama upepo. Lakini hesabu inafuata: plagi nne, valvu nyingi, kabureta nne kwenye zile za zamani, na zote zinatakiwa zikubaliane. Moja ikikataa, safari imeharibika. Ya silinda mbili inakaa katikati: nguvu inaipata mapema hata injini ikizunguka polepole, ni nyembamba zaidi (isipokuwa zile ambazo silinda zimetoka nje kulia na kushoto), na vitu vya kuharibika ni nusu. Ya moja inatetema, ina kelele, haina mbio, lakini fundi anaifungua akiwa amekaa juu ya kreti la soda.

Sasa turudi nyuma.

Pikipiki ziliingia nchi hii mapema, tena kwa vita. Mwaka 1916, Waingereza na Makaburu walipokuja kupigana na Wajerumani, jeshi la Jenerali Smuts lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Aprili mwaka huohuo brigedi ya van Deventer ilitoka Arusha, ikapita Ufiome, karibu na Babati ya leo, hadi Kondoa Irangi. Ni njia ileile ambayo mabasi yetu yanapita. Walikwenda na farasi, na masika yakawakuta huko. Barabara ikageuka tope, chakula kikashindwa kufika, farasi wakafa kwa wingi kwa maradhi na uchovu. Tangu mwanzo kabisa, basi, somo la nchi yetu kwa mgeni mwenye chombo cha haraka lilikuwa hilohilo: kabla ya kuhesabu nguvu za chombo chako, hesabu miezi ya mvua.

Baadaye Waingereza wakaifanya njia hiyo kuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ndoto yao ya kutoka Cape Town mpaka Cairo. Ilipita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha. Mbulu ikabaki juu ya uwanda wake, pembeni, na Hanang upande wa magharibi ya njia. Ukitaka kupanda Mbulu kutoka bondeni lazima upambane na ukuta wa Bonde la Ufa: ama Magara, ama Dareda kuelekea Dongobesh, ama uzungukie Karatu. Hakuna njia ya ujanja. Punda alikuwa anapanda, mtu kwa miguu alikuwa anapanda, lori lilikuwa linapanda likijisikia.

Kuna wanawake wawili Waingereza ambao wengi hatujafundishwa habari zao. Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London Desemba 1934 kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha pembeni, wakakata Sahara, wakapita Afrika ya kati, wakashuka Afrika Mashariki pamoja na Tanganyika, wakafika Cape Town Julai 1935. Injini yao ilikuwa na sentimita za ujazo karibu 600 na silinda ngapi? Moja! Injini iliwasumbua sana jangwani, lakini ilikuwa ya kufunguka. Hilo likumbukeni.

Ukija mwaka 1969, Honda wakatoa CB750. Hapo ndipo silinda nne zilipokuja kwa watu wa kawaida: nguvu farasi 67, breki ya diski mbele, bomba nne za moshi nyuma. Viwanda vya Uingereza vilivyokuwa vinajivunia silinda mbili, akina Triumph na BSA, vikaonekana vya kizee. Kila aliyetaka kwenda mbali Ulaya na Marekani akaanza kuota silinda nne.

Lakini angalia walioamua kuja Afrika. Oktoba 1973 mwandishi wa habari Ted Simon aliondoka London kuizunguka dunia kwa Triumph ya ujazo wa 500, silinda mbili. Alishuka kutoka Misri mpaka Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo, na safari yake yote ilichukua miaka minne. Mashine yake ilikuwa ya teknolojia iliyoshapitwa, lakini alifika.

BMW nao wana kisa kinachofanana. Mwaka 1980 walitoa R80G/S, silinda mbili zilizotoka nje kama masikio, nguvu farasi 50 tu, kwa ajili ya lami na vumbi pamoja. Mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo mbio za Paris–Dakar. Mwaka 1983 kampuni hiyohiyo ikaleta K100 ya silinda nne, nguvu farasi 90, na mpango ulikuwa hiyo ichukue nafasi ya zile za silinda mbili. Wateja wakagoma. Wakaendelea kutaka zile za masikio mpaka kampuni ikaziacha ziendelee, na mpaka leo ukoo wa GS ndio unaouona kwa wazungu wanaopita Babati na masanduku ya bati ubavuni. Honda nao, wafalme wa silinda nne, walipotaka kushinda Dakar walitumia silinda mbili, wakashinda mara nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989. Pikipiki waliyoiuza kutokana na ushindi ule wakaipa jina Africa Twin, maana yake mapacha wa Afrika. Yaani jina la bara letu limebandikwa kwenye hoja ya yule jamaa wa pili hosteli.

Kwa hiyo kwa wenye pesa na muda, ubishi ulishaamuliwa: kwa safari ndefu yenye njia mchanganyiko, wengi walihama kutoka nne kwenda mbili. Sababu ilikuwa uzito, mafuta, urahisi wa kutengeneza, na ile nguvu ya chini inayokutoa kwenye mchanga bila kulazimisha injini ilie.

Lakini hiyo ni historia ya wapitaji. Ya wanaobaki ni nyingine.

Muulize mzee yeyote wa Mbulu au Hanang wa miaka ya sabini na themanini. Atakutajia pikipiki kwa majina ya watu: ile ya padri, ile ya bwana shamba, ile ya bwana mifugo. Zilikuwa chache kiasi kwamba watoto waliitambua kila moja kwa mlio kabla haijatokea kwenye kona. Nyingi zilikuwa Yamaha na Honda za silinda moja, ujazo wa 100 mpaka 185 hivi, mali ya serikali, misheni au mradi. Hakuna aliyefikiri kwamba kijana wa kijijini anaweza kumiliki moja. Na hata waliokuwa nazo waliteseka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa haina fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ya kupanga foleni, magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ringi ya pistoni ikiisha, pikipiki inaegeshwa kwenye stoo, kuku wanatagia juu ya siti.

Hanang tulikuwa na mfano mkubwa zaidi wa jambo hilohilo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada ulifungua mashamba makubwa uwanda wa Basotu: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal na mengine, kama ekari 100,000 kwa jumla. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika mpaka Mahakama ya Rufani. Leo sitaingia huko, ina makala yake. Ninachotaka mkione ni mitambo: matrekta makubwa na mashine za kuvuna zilizotegemea spea, fedha na utaalamu kutoka Kanada. Msaada ulipokoma miaka ya 1990 mwanzoni, mitambo ikaanza kuzeeka bila wa kuirithi. Ilikuwa na nguvu nyingi, lakini mnyororo wa kuitunza ulianzia mbali mno. Kwangu mimi lile shamba lote lilikuwa pikipiki ya silinda nne: tamu sana ikiwa nzima, na ikifa hakuna wa kuifufua.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki ndogo, CG125. Kabla ya hapo pikipiki zao za ukubwa huo zilikuwa na mtambo wa valvu juu kabisa ya injini, ambao unahitaji oili safi muda wote. Wahandisi wakachunguza jinsi zinavyotumika katika nchi kama zetu. Wakakuta watu wanabeba mizigo kupita kiasi, oili haibadilishwi mpaka iwe uji mweusi, na sehemu ile ya juu inaliwa. Mhandisi mwingine angesema hawa watu wafundishwe. Wao walirudi wakabadilisha injini: mtambo wa valvu wakaushusha chini, ukawa unasukuma valvu kwa vifimbo viwili vya chuma, teknolojia ya kizamani lakini inayovumilia. Yaani mashine ilisomeshwa tabia ya mtu.

Injini ile ndiyo Wachina walioiiga, kiwanda hadi kiwanda, kwa majina chungu nzima. Ilipofika miaka ya 2000, SanLG, Toyo, Fekon na ndugu zao zikaanza kushuka Dar na kupanda mikoani kwa bei ambayo mtu aliyeuza ng'ombe kadhaa au mavuno mazuri ya vitunguu saumu angeweza kuifikia. Baadaye Wahindi wakaja na Boxer za Bajaj na TVS, ambazo vijiweni watakuambia zinadumu zaidi. Hapo ndipo historia ya silinda kwetu ilipoishia: moja!

Na kila kitu kikabadilika. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002, ukitolewa Arusha, na kwa miaka michache tu vijiji vyake vikawa na usafiri wa kila saa. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ilikuwa kwa watu wengi ni safari ya siku nzima kwa miguu au kwa machela. Sasa mama mwenye uchungu anawekwa katikati, dereva mbele, shangazi nyuma, wanakwenda usiku. Si salama, najua, lakini waulize mlivyokuwa mnafanya kabla. Vitunguu, maharage, ndama, jeneza, vyote nimeviona vimefungwa kwa mpira nyuma ya silinda moja. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za pikipiki za abiria, kwa sababu jambo lilikuwa limeshatokea mitaani na sheria ikabidi ilikimbilie. Kofia ngumu kwa dereva na abiria, leseni, abiria mmoja. Mnajua wenyewe inavyofuatwa. Mishikaki bado inapakiwa.

Halafu ikaja lami. Miaka ya 2010 barabara ya kutoka Minjingu kupita Babati, Katesh mpaka Singida ikakamilika, na Aprili 2018 ikazinduliwa ya Dodoma mpaka Babati. Tulishangilia, na ni haki. Lakini hapa kuna jambo ambalo kwenye ubishi wa hosteli hakuna aliyeligusa. Pikipiki iliyobuniwa kwa tope na mwendo wa kilomita 30 kwa saa sasa iko kwenye lami inayoteremka kuelekea Katesh, ikikimbia 80, tairi nyembamba, breki za waya, taa hafifu, kofia imetundikwa kwenye kioo. Enzi za vumbi barabara yenyewe ilikuwa breki. Lami imeiondoa breki hiyo, na hatukuweka nyingine. Ukienda wodi za mifupa mikoani utawaona vijana wa rika letu wamening'inizwa miguu. Wengine tulisoma nao.

Na kuna mkataba. Kijana asiye na mtaji anapewa pikipiki na bosi, analeta hesabu kila siku, na baada ya muda waliokubaliana chombo kinakuwa chake. Kikiharibika, hesabu haisimami. Mvua ikinyesha siku tatu, hesabu haisimami. Kwa hiyo anakimbia, anapakia mishikaki, anaendesha usiku na usingizi. Tunapenda kusema madereva wa bodaboda hawana adabu. Mimi nasema nusu ya mwendo kasi ule unatoka kwenye daftari la bosi.

Nayaandika haya si kwa ubishi tu. Mtoto wa mama mdogo, aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi ya kuendelea, yuko kijiweni Dongobesh kwa mkataba wa namna hiyo. Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. "Mjomba, wewe ndiye uko chuo. Tuuze ng'ombe tumnunulie yake, au tumwache amalize mkataba wa watu?" Ng'ombe wenyewe wanne, na wawili ndio wa kulimia. Pikipiki mpya ni zaidi ya milioni mbili. Ukikosea hapo hujakosea hesabu ya darasani, umekosea chakula cha nyumba nzima.

Nilimwomba siku chache nifikirie, na kusema kweli ni historia hii iliyonisaidia. Imenionyesha kwamba chombo kilichodumu kwetu si kile chenye nguvu, ni kile ambacho matunzo yake yako karibu. Injini ilishabadilishwa kutufuata sisi tangu 1976. Ambacho hakijabadilishwa bado ni masharti yanayomzunguka dereva: deni, kofia, usiku, lami.

Kwa hiyo nilimwambia hivi. Ng'ombe wa kulimia wasiguswe. Wauzwe wale wawili wengine, na kama haitoshi, baba zake wakubwa wachangie kama walivyochangia mahari. Ichukuliwe ile ambayo spea zake zinauzwa Dongobesh na Mbulu mjini, si ile inayong'aa. Kofia zinunuliwe mbili siku hiyohiyo, zihesabiwe kama sehemu ya bei ya pikipiki. Na kwa sababu chombo ni cha nyumbani, hesabu iwe ya wiki, mvua ikinyesha isamehewe, na saa tatu usiku awe amekiingiza ndani, isipokuwa kwa mgonjwa. Mjomba alicheka kidogo, akasema, "Kumbe huko mnasoma vitu vya maana." Kikao cha ukoo kinakaa mwezi ujao.

Na kwa wale wabishi wangu watatu: mwenye silinda nne abaki nayo kwa ajili ya lami ya Dar mpaka Dodoma, ataifurahia. Mwenye mbili atafika Katesh vizuri, na kiangazi atapanda mpaka Haydom bila shida. Ila wote wawili wakifika kwetu mwezi wa nne, waweke akiba ya namba ya simu ya kijana mmoja wa Dongobesh. Silinda moja, kofia mbili.

Nawasilisha. Wiki njema, na waliosajili kozi ile ya historia ya uchumi tukutane darasani kesho saa mbili asubuhi.